Mjamzito wa Mfano

Nchi ninayotaka kukusimulia ni yetu, ila jina lake sitalitaja, kwa kuwa limepelekwa kwenye kamati ili iangaliwe kama bado linatufaa. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mahindi, na serikali inayo. Ukiniuliza tumewazidi nini majirani, nitakujibu bila kukuna kichwa: tunajua kumheshimu mgeni rasmi. Kwetu hakuna kitu kinachoanza kazi kabla mgeni rasmi hajakikatia utepe. Daraja la Kihuru lilikamilika mwaka juzi, imara, na taa zake zote, na wananchi wanavuka maji kwa chini yake, nguo kichwani, utepe ukipepea juu yao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuugusa. Ndivyo tulivyo wastaarabu.

Mimi ndiye Mtunza Mkasi wa Taifa. Watu huniita Bwana Mkasi, na jina alilonipa baba limebaki kwenye cheti cha kuzaliwa. Kazi yangu ni kubeba mkasi juu ya kitambaa chekundu cha mahameli, kusimama hatua mbili nyuma ya mgeni rasmi, na kumkabidhi kwa mikono miwili akishamaliza hotuba. Ni kazi nyepesi kwa mikono na nzito kwa miguu, maana hotuba zetu ni ndefu. Aliyenitangulia, Mzee Likoko, aliipoteza kazi hiyo mwaka wa ukame, alipokata mwenyewe utepe wa kisima kwa sababu eti watu walikuwa na kiu. Kiu! Alifungwa miaka sita, na kisima nacho kikafungwa. Nilikuwa nikimkumbuka kila nilipoupangusa mkasi.

*

Basi siku moja serikali yetu ikagundua kwamba wako kina mama wajawazito wenye sukari nyingi kwenye damu. Waziri wa Afya alishtuka sana, akaenda redioni.

"Ndugu wananchi, kuna sukari inayomwingia mama mjamzito bila kibali! Inamlisha mtoto kupita kiasi, mtoto anakuwa mkubwa, uzazi unakuwa mgumu, tunampoteza mama, tunampoteza mtoto. Serikali haiwezi kukaa kimya. Serikali itakaa semina!"

Wakaitwa wakunga na wauguzi hamsini, ambao ndio wote tulionao, wakakusanywa katika Ukumbi wa Subira, mjini Ndolela. Kwenye milango ya zahanati walikotoka kukabandikwa tangazo: TUMEKWENDA KUJIFUNZA KUKUHUDUMIA. TAFADHALI USIUGUE. Mafunzo yalikuwa ya siku tano. Juu ya meza kuu likawekwa sanduku la vipimo vya sukari, vile vidogo vya kiganjani, vya kutoboa kidole na kusoma namba. Sanduku lilifungwa utepe wa rangi za bendera, na utepe ule ungekatwa siku ya kufunga. Maana yake ni kwamba mafunzo ya kupima sukari yangefanyika bila kipimo, jambo ambalo Waziri alilifafanua vizuri: "Fundi hodari hujifunza kwanza kwa akili." Tukapiga makofi.

Akaifungua semina, akapanda gari, na nyuma yake geti likapigwa kufuli. Hilo nalo nilieleze, usije ukadhani ni ukatili. Miaka ya nyuma washiriki walikuwa wakisaini siku ya kwanza, kisha wanatoroka kwenda kutibu wagonjwa. Ndipo ikatungwa sheria: mshiriki hatoki mpaka semina ifungwe, na anayeifunga ni yule yule aliyeifungua. Juu ya mlango palikuwa na bango kubwa lililosema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

*

Mwezeshaji wetu alikuwa Dokta Hizza Ngwali, mtu wa tai na sauti nene, aliyefundisha habari za kisukari cha mimba kwa miaka kumi na saba. Siku ya kwanza aliandika ubaoni dalili za hatari, akazisoma kwa madaha.

"Mama aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa kupita kawaida. Mama aliyewahi kupoteza mtoto wakati wa kuzaa. Mama mwenye mzazi au ndugu wa kisukari. Huyo, wapendwa, asisubiri! Apimwe leo leo!"

Mkono mmoja ukanyooshwa. Ulikuwa wa Sista Zawena, muuguzi wa zahanati ya Mikwambe, mwenye mimba ya miezi sita. Kati ya wale hamsini, mjamzito alikuwa yeye peke yake.

"Dokta, huyo ni mimi."

"Asiyeuliza hanalo ajifunzalo," Dokta alimsifu. "Lakini maswali mwishoni."

"Si swali, Dokta. Ni mimi. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa kilo tano na robo. Na mama yangu kisukari kilimkata mguu, kisha kikamchukua."

Wengi walimkumbuka. Kilo tano na robo ilikuwa rekodi ya wilaya, na wilaya ilimtumia Zawena cheti cha Mtoto Bora wa Mwaka, chenye nembo na sahihi mbili. Cheti kilifika salama. Mtoto mwenyewe alikwama mabega, akafa kabla hajalia.

Dokta Ngwali alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sista, nakuelewa sana. Ila wewe umeandikishwa hapa kama mshiriki. Mshiriki hawezi tena kuwa mgonjwa, idadi itavurugika. Na mgonjwa wetu tayari tunaye."

Mgonjwa alikuwa Bwana Kisusi, afisa ugavi, mwanamume wa miaka hamsini mwenye ndevu, aliyefungwa mto wa kulalia tumboni na kuvishwa kitambulisho shingoni kilichoandikwa MJAMZITO WA MFANO. Dokta alitoa kiberiti mfukoni. "Tuseme hiki ndicho kipimo." Akakigusisha kwenye kidole cha Bwana Kisusi, akakitazama, akashtuka. "Kumi na mbili! Sukari iko juu sana!" Wauguzi wakaandika kumi na mbili. Bwana Kisusi akaushika mto wake kwa huzuni.

Kuanzia hapo alitunzwa ipasavyo. Mwongozo unasema mama mwenye sukari aachane na vitamu, ale mboga na nafaka isiyokobolewa. Kwa hiyo jikoni ikawa inatoka sahani moja ya ugali wa dona, mchicha, maharage na kipande cha samaki, inapelekwa kwa Bwana Kisusi. Washiriki, Zawena akiwemo, walipewa chai iliyokolea sukari, maandazi, wali mweupe, soda mbili mbili, na keki iliyoandikwa kwa krimu: TUTOKOMEZE SUKARI.

*

Ijumaa ikafika, Waziri hakufika. Tulipopiga simu tuliambiwa yuko njiani. Jumatatu alikuwa njiani, na Jumatatu iliyofuata pia, ila tulielezwa kwamba njia yenyewe ilikuwa inaelekea ng'ambo. Kwa kuwa ratiba ilikuwa ya siku tano, kila ilipokwisha tuliianza upya. Kufikia wiki ya tatu Bwana Kisusi alikuwa amekwisha kujifungua salama mara tatu.

Zawena alikuwa anakunywa maji. Alimaliza jagi la meza yake, akahamia jagi la meza ya jirani, na kila alipotaka kwenda msalani alijaza fomu. Sista Apronia, mkunga mkongwe aliyezalisha nusu ya wilaya yake, alimtazama siku mbili, siku ya tatu akamwambia, "Mwanangu, kiu hii si ya jua." Kisha akafanya jambo ambalo kwenye ratiba halikuwemo. Alimfuata Bwana Kisusi pale alipokaa na mto wake.

"Baba, hiyo mimba ingekuwa ya kweli, ungependa mtoto wako afe?"

"Hasha!" alisema Bwana Kisusi, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameanza kuizoea hali yake.

"Basi toa sahani."

Wakawa wanabadilishana sahani chini ya meza, Zawena anakula dona, Bwana Kisusi anakula keki ya kutokomeza sukari. Kila baada ya chakula Apronia alimshika Zawena mkono, wakauzunguka ukumbi mara ishirini, maana kutembea nako kunaishusha sukari. Niliwaona, na sikumwambia mtu. Nikajihesabia kwamba huo ulikuwa mchango mkubwa.

Wiki ya nne Zawena alinijia pale nilipoketi na mahameli yangu.

"Shikamoo, Bwana Mkasi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba mkasi. Dakika moja tu. Nitoe kipimo kimoja, nijipime, nikirudishe mahali pake. Hapa tunakisia tu. Sijui kama dona inatosha au nahitaji dawa."

Nikamweleza kwa upole habari za sheria, na za Mzee Likoko, na za heshima ya taifa. Nikamalizia kwa kumwambia mvumilivu hula mbivu.

"Mimi siombi mbivu," alisema. "Mtoto wangu wa kwanza serikali ilimpa cheti. Huyu simtakii cheti, Bwana Mkasi. Namtakia alie."

Nikamwambia Waziri yuko njiani. Aliondoka amejishika kiuno. Niliona aibu. Nilikaa pale nikiupangusa mkasi mpaka saa ya chakula, na aibu haikutoka.

*

Wiki ya saba redio ilitangaza kwamba baraza la mawaziri limebadilishwa. Waziri wetu alihamishiwa Wizara ya Uvuvi, ambayo tunayo ingawa bahari hatuna, na wa Afya akateuliwa mwingine. Tulifurahi kama watoto. Huyu mpya atakuja kufunga! Wauguzi wakaanza kukunja nguo zao.

Siku nne baadaye ililetwa barua ya mwanasheria. Ilisema hivi: Waziri mpya hawezi kufunga semina ambayo hakuifungua. Waziri wa zamani aliifungua, lakini Uvuvi haina mamlaka juu ya wajawazito. Kwa hiyo semina hiyo, kisheria, haina mtu wa kuifunga. Kamati itaundwa. Wakati huo huo washiriki waendelee kujifunza. Wenu katika ujenzi wa taifa.

Dokta Ngwali aliisoma mara mbili, ya pili bila sauti nene. Baadhi ya wauguzi walilia wazi wazi. Wengine walikwenda madirishani, wakazishika nondo na kutazama barabara. Sista Apronia alikaa sakafuni na viatu vyake pembeni.

"Zahanati yangu ina wajawazito themanini," alisema. "Sasa najua ni yupi na yupi wa kupimwa. Ninaweza kuwataja kwa majina. Na nimefungiwa hapa nikimtazama mwanamume mwenye mto."

Bwana Kisusi aliufungua mto wake taratibu, akauficha nyuma ya kiti.

*

Jumanne ya wiki ya tisa, saa nne asubuhi, chai ililetwa. Zawena hakuinua kikombe. Alikuwa hajaonja kitu tangu usiku uliotangulia.

"Mtoto hachezi sawasawa," alisema. "Tangu jana mchana. Amegeuka mara moja tu."

Kila mtu pale alijua maana yake. Walikuwa wamefundishwa jambo hilo wiki tisa mfululizo. Dokta Ngwali alisimama, akaanza, "Kwa mujibu wa mwongozo, mama wa namna hiyo..." Wauguzi wote walilitazama sanduku juu ya meza kuu, kisha wakageuka wakanitazama mimi.

Ningependa kusema kwamba niliwaza kuhusu taifa. Sikuwaza. Niliogopa, nikamwona Mzee Likoko waziwazi akipelekwa na pingu zake. Halafu nikakiona kile cheti, nembo na sahihi mbili, kimetundikwa ukutani kwenye nyumba isiyo na mtoto. Nikauchukua mkasi, nikaenda hadi mezani, nikakata. Sauti ya utepe ukikatika ni ndogo sana. Miaka yote ile sikuwahi kuisikia kwa sababu ya vigelegele.

Dokta Ngwali alichukua kipimo cha kwanza, akakisimamisha mbele ya kidole cha Zawena, hakutoboa.

"Sijawahi," alisema, na sasa hakuwa mwezeshaji tena, alikuwa mzee mmoja tu mwenye tai. "Miaka kumi na saba nafundisha. Mtu sijawahi kumpima."

"Lete hapa," Apronia alimwambia. Akatoboa, akabinya tone la damu, akasubiri. "Tisa na nusu. Na hajala. Hapa ilitakiwa isizidi tano na kidogo." Kisha akatoa kwenye mkoba wake kile kikombe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto, akakiweka tumboni kwa Zawena, akainamisha sikio. Tulisubiri. "Yupo," akasema. "Lakini ni hospitali, na ni sasa hivi."

Sasa utatokaje? Sheria ilisema mshiriki hatoki. Hapo ndipo Bwana Kisusi, ambaye wiki tisa nzima alikuwa hajatoa hoja, alinyoosha mkono. "Ratiba, siku ya tano, kipengele cha nne, kile tunachokiruka kila wiki," alisema. "Mjamzito wa mfano atapelekwa hospitali kwa ziara ya vitendo, akiwa na msindikizaji mmoja." Akavua kitambulisho chake shingoni, akamvisha Zawena.

Mlinzi wa geti alikisoma kitambulisho polepole. Akamtazama Zawena, juu mpaka chini.

"Huyu ndiye mjamzito wa mfano?"

"Ndiye, afande," nilijibu.

"Mto wake uko wapi? Orodha yangu inasema mjamzito wa mfano mmoja, mto wa kulalia mmoja."

Bwana Kisusi akaja mbio na mto. Tukauweka juu ya tumbo la Zawena, Apronia akaukaza kwa kanga yake. Mlinzi akaubonyeza kwa kidole, ukabonyea, akaridhika.

"Sasa sawa," alisema. "Maana vile alivyokuwa mwanzo, mtu angeweza kudhani ni wa kweli."

Akafungua geti, wakatoka wawili, Zawena na Apronia, akalifunga.

*

Niliunga utepe kwa fundo, nikalirudisha sanduku mahali pake. Jioni mlinzi alipokuja kuita majina, Bwana Kisusi aliitikia "Nipo!" kwa jina la Zawena, kwa sauti nyembamba aliyokuwa ameizoea. Alipoita Apronia, tuliitika ukumbi mzima. Siku ya kwanza hatukupata habari. Siku ya pili pia. Dokta Ngwali hakufundisha, alikaa akikigeuza kiberiti chake. Mimi sikula. Kila gari lililopita barabarani lilinifanya nisimame.

Siku ya tatu mlinzi alinipitishia karatasi iliyokunjwa, akageuka kutazama mawingu. Yalikuwa maandishi ya Apronia.

"Hospitali hapakuwa na mtu, ila daktari mmoja ambaye jina lake lilisahaulika kwenye orodha ya semina. Amempasua siku ile ile. Mtoto wa kike, kilo nne na gramu mia. Alilia. Baada ya saa moja sukari yake ilishuka, nikampima kisiginoni, tukamnyonyesha pale pale, ikapanda. Mama anaendelea vizuri. Kipimo sikirudishi. Na mimi sirudi, hapa kuna foleni."

Nililisoma neno "alilia" mara tatu. Halafu nililia na mimi, mtumishi wa umma wa daraja la kwanza, mbele ya washiriki wote.

Foleni ile haikumtosha Apronia peke yake. Baada ya juma moja akaanza kutuletea. Ukumbi wa Subira una madirisha kumi na mawili yenye nondo, na kila asubuhi wajawazito walijipanga nje, wanapitisha kidole kati ya nondo, na wauguzi ndani wanapima, wanaandika, wanaelekeza: wewe nenda kwa Apronia leo leo, wewe punguza chai ya sukari, tembea, rudi Alhamisi. Dokta Ngwali alipewa dirisha la mwisho. Anaeleza mno, wajawazito wanachoka kusimama, lakini anapima. Mimi nakata utepe asubuhi na kuuunga jioni, endapo atapita mkaguzi. Mlinzi alipouliza kinachoendelea, tulimwambia ni mazoezi kwa vitendo, na wale wa nje wote ni wa mfano. Akataka kujua mito yao iko wapi. Tukamwambia imeagizwa.

Ile kamati ya kuamua nani afunge semina iliundwa kweli. Imepelekwa mafunzoni. Tunasikia nayo imefungiwa.

*

Wiki sita baada ya ile Jumanne nilikuwa karibu na dirisha la tatu, sanduku mapajani, nikiunga utepe. Kwa mafundo mengi umebaki mfupi, siku hizi unakutana kwa shida. Nikasikia sauti ninayoijua.

"Shikamoo, Bwana Mkasi. Dokta alifundisha kwamba mama apimwe tena wiki sita baada ya kujifungua. Nimekuja."

Zawena alipitisha kidole kati ya nondo. Dokta Ngwali aliacha dirisha lake, akaja mwenyewe, akatoboa bila kusita. "Nne na nukta nane," alisema, na hakuongeza maelezo.

Mtoto alikuwa kifuani mwa mama yake, ndani ya kanga, macho wazi. Alizitazama nondo, akanitazama mimi, akarusha mkono, ukapita kati ya nondo, ukaishika ncha ya utepe wa taifa. Akavuta. Fundo lilikuwa limechoka, likaachia, na utepe wote ukatoka kupitia nondo ukaishia mdomoni mwake. Mlinzi alikohoa, akageuka kutazama mawingu.

"Nimnyang'anye?" Zawena aliuliza.

"Mwache."

Geti bado limefungwa. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali, na jambo kama lile siwezi kuliacha bila kumbukumbu. Nilifungua daftari la semina, nikaandika tarehe, na chini yake nikaandika: Mgeni rasmi amefika. Ameufungua utepe kwa mkono wake mwenyewe. Hakutoa hotuba.